Kando ya la Zamani

Kidole cha Najoua kilisita juu ya kitufe. Kompyuta ya maabara pale Sfax, Tunisia, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, ilikuwa imemuuliza: toleo la zamani la programu ya msingi likifutwa, programu nyingine zote zinazolitegemea zitafutika nalo. Iendelee?

"Bonyeza, binti yangu," alisema mkuu wake, akikoroga mbegu za msonobari kwenye chai. "Jipya lipo, kuukuu la nini?"

"Ndilo linalobeba mengine, mkuu."

Akaijibu kompyuta hapana. Toleo jipya akaliweka kwenye folda ya peke yake, kando ya la zamani. Yote mawili yakafanya kazi.

"Haya, mjanja wewe. Sasa kachukue meza ya fundi mzee. Leo tunamwondoa kazini."

Mezani pake, mzee alikuwa akifuta miwani kwa pindo la koti, taratibu, kioo kimoja baada ya kingine.

Najoua akabeba kiti chake, akakiweka kando ya cha mzee, akaketi.