Kilo ya Mama Mkwe

Mkono wa mkamwana ulikuwa umezama kwenye gunia la maharage hadi kwapani, na mawe hayakuwemo. Jana yalikuwemo. Jana, akimchotea mteja, vidole vyake viligonga kitu kigumu kilichofungwa kitambaa: mawe matatu ya mizani, safi, yenye muhuri wa serikali wa mwaka huu. Leo hamna kitu, na afisa wa vipimo alikuwa duka la pili kutoka hapo.

Hakuwa mjinga. Kama mawe halali yanafichwa guniani, haya ya juu ya kaunta ni ya nini? Jana hiyohiyo, mama mkwe alipotoka kunawa, mkamwana alilipindua jiwe la kilo. Chini halikuwa na muhuri. Lilikuwa na kovu la tundu lililozibwa. Na nani asiyejua kwamba jiwe la mizani likitobolewa, anayelia ni mnunuzi?

Usiku kucha hakulala. Leseni ilihamishiwa jina lake mwaka jana, mama mkwe alipodai macho yamechoka. Macho yamechoka, lakini mizani hakuiachia. Kwa hiyo kizimbani angepanda mkamwana, na mtoto wa miezi minane angebaki mgongoni mwa nani? Angeuliza, lakini unamuulizaje mama mkwe kama ni mwizi? Miaka sita ndani ya nyumba ile hajawahi hata kumjibu kwa sauti ya juu.

Alijipangusa vumbi la maharage, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa, akapanga viberiti, akavipangua.

"Umekaliwa na nini leo?" aliuliza mama mkwe kutoka kwenye kigoda chake nyuma ya mizani. "Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

"Nilitaka nikusaidie kupima, mama. Upumzike."

"Wewe kaa na chumvi na sabuni."

Jibu lilikuwa hilohilo siku zote. Tangu baba mkwe afariki, miaka kumi na saba sasa, hakuna mwingine aliyegusa mawe yale. Hata akiwa na homa, mama alikaa pale na blanketi. Na alivyokuwa mkono wa birika! Kamba ya gunia aliifungua kwa meno asije akaikata, na kipande cha sabuni alikigandisha kwenye kingine mpaka kiishe. Foleni haikukatika tangu asubuhi, watu wakitoka mitaa ya mbali na kupita maduka mengine matatu njiani, na bado duka halikunenepa. Mkamwana alikuwa na hakika faida inaishia wapi. Chumbani kwa mama mkwe kulikuwa na sanduku lenye kufuli.

"Duka la haki hili, tangu enzi za mzee," alisema fundi cherehani akipokea mchele wake, macho kwenye picha ya marehemu ukutani. "Mungu amrehemu. Hakumpunja mtu."

Mama mkwe alikohoa. "Mwingine," alisema.

Mkamwana akaona hapa aibu haina kazi tena. Alimwinamia sikioni. "Mama, bwana vipimo yuko kwa jirani. Yale mawe mengine yako wapi?"

Mkono wa mama ulisimama hewani, punje za mchele zikimdondoka. "Kumbe ni wewe uliyenivurugia maharage."

"Yako wapi, mama?"

"Nyumbani. Sandukuni." Akaendelea kumimina. "Kila mwaka huwa nayapeleka mwenyewe ofisini kwao. Mwaka huu wamekuja bila kualikwa."

Nyumbani kulikuwa mwendo wa nusu saa. Hasira ikampanda mkamwana: mama anajua, na amekaa tu, anapima mchele.

Afisa aliingia na kisanduku chake cha mbao. Alikuwa mtu mzima, mpole, na mpole wa namna hiyo ndiye anayetisha. Mkamwana alimletea kiti, hakukitaka. Alimletea soda, akaiweka pembeni bila kuifungua.

"Mwenye leseni ni nani?"

Mkamwana alimtazama mama mkwe: shingo nyembamba, vidole vilivyopinda. Mahabusu angedumu siku ngapi huyu? Hasira yote ikamtoka, akabaki na huruma tupu, jambo lililomuudhi zaidi.

"Mimi," alisema. "Duka langu, mizani yangu, mawe yangu. Kama kuna kosa ni langu peke yangu. Mama ananishikia tu."

Mama mkwe aligeuka akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza.

Afisa alilipindua jiwe la kilo, akaliona kovu, akatikisa kichwa. Alifungua kisanduku, akaiweka kilo yake ya shaba kwenye sahani moja, na ya duka kwenye nyingine. Mkamwana alifumba macho.

Alipoyafumbua, afisa alikuwa anabadilisha sahani, jiwe la kulia kushoto, la kushoto kulia. Akabadilisha tena. Kila mara ilikuwa shaba ya serikali iliyopanda juu.

"Miaka ishirini na mbili nashika mawe yaliyotobolewa," alisema taratibu. "Sijawahi kushika lililojazwa madini ya risasi likazidi kilo. Sheria inakataza hili pia, lakini hebu niambieni, ni mfanyabiashara gani anayejipunja mwenyewe?"

"Huyu mtoto hajui lolote, mwache," alisema mama mkwe, akisimama kwa kujishikilia kaunta. "Tundu alilitoboa marehemu, akawapunja watu miaka kumi na tisa, mimi nilikuwa nawarudishia, na nilikuwa nimebakiza miwili tu."