Fisi na Gari la Zahanati

"Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Novemba, jua la utosi, Mama Sungura alipobanwa na kifua. Baba Sungura akakimbilia zahanati ya msitu. Gari la wagonjwa halipo. Mkubwa wa msitu, Bwana Fisi, katoka nalo."

Kwenye kioo cha runinga Sungura alikuwa kalala chali, mdomo wazi. Fisi kasimama juu yake na kijiti mkononi, na sauti ikasema hiyo ndiyo fimbo ya ukubwa. Mama Sungura akafia njiani, juu ya baiskeli. Hapo watoto wote kibandani wakauliza kwa pamoja, kama walivyouliza jana na juzi:

"Gari lilikuwa wapi?"

Fisi akajibu kwamba lilikwenda semina. Jana alisema lilikuwa linaoshwa. Watoto wakacheka mpaka benchi likalia.

Firdausi, aliyekaa nyuma yao na kalamu yake, akaandika haraka. Alikuwa mwaka wa pili chuoni Kibaha, na mwalimu wake, Madamu Stellamaris, alikwisha kumrudishia kazi moja imejaa wino mwekundu. Hii ya pili ilitaka aeleze runinga inawafundisha nini watoto. Akishindwa tena, anarudia mwaka. Ndiyo maana alikuja kwa shangazi yake, mbele kidogo ya Chole, ambako watoto wa kijiji kizima walikuwa na runinga moja tu, ya Mzee Mfaume, kibandani kwake.

Runinga yenyewe ilikuwa kuukuu, kioo kina ukungu kama dirisha la jikoni. Katuni ilikuwa ya Kichina. Kichina chenyewe kilisikika kwa mbali, na juu yake sauti ya mtafsiri ikieleza kwa Kiswahili, kama filamu zote zinazouzwa mjini. Firdausi aliona ajabu kidogo kwamba kila kipindi kilianza na tarehe ile ile. Aliona ajabu pia kwamba picha zilijirudia ilhali majibu ya Fisi yalikuwa mapya kila siku. Mtendaji wa kijiji aliponunua kofia ya pama, kesho yake Fisi naye akasemwa ana kofia ya pama, ingawa Firdausi alikodoa macho asiione. Akalaumu kioo.

Mzee Mfaume hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mgane. Mkewe, Maua, alikuwa kazikwa nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye muhuri. Kila siku alichomeka flashi, akapita nyuma ya pazia la kanga kulinda betri ya sola, na hakutoka mpaka katuni iishe. Wiki aliyopata mafua, watoto waliambiwa runinga imeharibika.

"Shikamoo babu," Firdausi alimwambia siku moja. "Wewe katuni hii unaionaje?"

"Marahaba, mke wangu. Mimi sikusoma. Waulize wanaokula kwa kusoma."

Aliyekuwa anakula kwa kusoma ni Mtendaji Badru, na yeye ndiye aliyemtafuta Firdausi. Alikuja mpaka kwa shangazi, akakalia kiti kizuri bila kukaribishwa, akasema watoto wa kijiji hiki wameharibika. Kila akipita na pikipiki wanamsimamisha. Kale katoto Zuleha, hata shule hakajaanza, kanamshika suruali kanamuuliza gari lilikuwa wapi. Sasa yeye anataka kukifunga kile kibanda, lakini wazazi watamlalamikia. Akipata mtu wa chuo aseme kitaalamu kwamba katuni za nje zinafundisha dharau, wazazi wataelewa.

Firdausi hakuwa mtoto mbaya. Ila alihitaji hitimisho, na hili hapa limeletewa mpaka uani. Akaandika kwamba katuni za nje zinapandikiza dharau kwa viongozi.

Mkutano wa kijiji uliitwa Jumamosi, nje ya ofisi ya mtendaji. Watu walijaa, watoto wakakaa chini mbele. Mtendaji alileta runinga ya ofisini, pana, mpya, ile ambayo kijiji hakijawahi kuitazamia hata taarifa ya habari. Flashi ya Mzee Mfaume alikwisha kuichukua asubuhi, kama ushahidi. Akasema wazazi wajionee wenyewe, kisha msomi wetu atafafanua.

Akawasha.

Kioo kilikuwa safi. Fisi alikuwa kavaa koti jeupe. Kijiti kilikuwa mswaki. Sungura alikuwa kalala kwenye kiti, anaonyeshwa namna ya kusugua magego, na wote wawili walikuwa wanazungumza Kichina, Kichina kitupu, kwa furaha kubwa.

Mtendaji akaongeza sauti. Kichina kikaongezeka.

"Mbona leo hawasemi?" Zuleha akauliza.

Firdausi aliinama akazitazama karatasi zake, akainua macho akaitazama runinga, akahisi mwaka mzima unamtoka mwilini. Wazazi wakaanza kuguna. Mtendaji akaichomoa flashi, akaipuliza, akairudisha. Fisi akaendelea kusugua.

"Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi," sauti ikasema, "tarehe tisa Novemba, jua la utosi."

Ilikuwa sauti ya katuni, ile ile, ila haikutoka kwenye runinga. Watu wakageuka. Mzee Mfaume alikuwa kasimama nyuma kabisa, kofia mkononi, anamtazama mtendaji.

"Maua akabanwa na kifua," akasema.

Safari hii watoto walinyamaza. Waliouliza ni mama zao.

"Gari lilikuwa wapi?"