Jozi Moja ya Vijiti

Rafiki yake Vân alipangusa jozi moja tu ya vijiti vya kulia, akaiweka mbele yake mwenyewe.

Vân akabaki na mkono hewani. Tangu walipokuwa shuleni, popote walipokula, rafiki huyu alimpangusia vijiti vyake kwanza, akavikagua kwa jicho moja kama seremala, ndipo akampa.

"Leo umenisusa, shosti?"

"Karatasi za kupangusia hizo hapo."

Walikuwa Hue, mji wa Vietnam, asubuhi, kwenye vigoda vya plastiki kando ya barabara, na mama muuzaji alishawawekea mabakuli mawili ya tambi za nyama na mchaichai. Kibanda hiki walikitafuta kwa ramani ya simu ya Vân. Rafiki ndiye aliyeishika simu hiyo njia nzima.

Sasa simu ililala mezani kifudifudi. Vân aliigeuza. Juu ya ramani kulikuwa na ujumbe wa dada yake: "Kumbe bado anaongea na chakula mdomoni? Pole, vumilia, zimebaki siku tatu tu za safari."

Jana, ndani ya treni, Vân alipomwandikia dada habari za rafiki, alikuwa anatafuta cha kumchekesha tu. Basi.

"Wanangu, mbona kimya?" mama muuzaji aliuliza. "Pilipili imezidi?"

Siku zote rafiki ndiye angejibu, kwa niaba yao wote wawili, mashavu yamejaa, akicheka. Leo alitafuna polepole. Akameza. Akapangusa midomo kwa karatasi, akaikunja mara mbili.

"Hapana, mama," alisema. "Ni tamu sana."