Kona ya Crandall

Lorna Tuttle aliwasha kipasha joto cha kiti cha abiria, kando yake garini, kabla hata ya kuondoka nyumbani, ingawa alikuwa anakwenda peke yake kwenye kikao cha madiwani wenzake. Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Hata Glenn Ostrander, mwenyekiti wa baraza la kaunti, alipoomba lifti alipelekwa nyuma.

"Unanibeba kama mtoto wa chekechea," Glenn alimtania siku ile. Lorna alicheka tu, akaendesha.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Madiwani walikuwa na jambo moja la kuamua: fedha za kodi ya petroli zilindwe, zisiguswe kwa lolote ila barabara, au ziachwe zichotwe kama zamani. Zikilindwa, kazi ya kwanza ni kuinyoosha Kona ya Crandall. Masika yakifika, katapila zingeifukia kona yote, na msalaba mweupe wenye jina la Toby, uliosimikwa pale gari lake lilipopinduka, ungehamishiwa makaburini. Toby alikuwa mtoto pekee wa Lorna.

Mwaka jana azimio hilohilo lilianguka kwa sababu Lorna aliugua siku ya kura. Hakuna aliyemlaumu. Walisema donda bado bichi, wakampelekea vyakula vya kuoka mpaka friji ikakataa kufungika.

Wa kwanza kuitwa kwenye kipaza sauti alikuwa Renee Pulaski, mpishi wa shule.

"Waheshimiwa, mimi kuongea siwezi," alisema. "Binti yangu Kayla kapata leseni ya gari juzijuzi. Sasa hivi anatoka mazoezi ya bendi, anakuja kunichukua hapa, na njia ni hiyo moja tu. Ukungu ukishuka hivi, mimi roho haitulii. Naombeni mtunyooshee hiyo kona, basi."

Taa nyekundu ikawaka kumjulisha kwamba muda umekwisha. Akarudi kukaa, macho mlangoni.

Kwa desturi, mwenyekiti ndiye hupiga kura ya mwisho. Safari hii Glenn alipiga mapema, akamwachia Lorna nafasi hiyo kwa heshima ya marehemu, maana alitaka ushindi utoke kinywani mwa mama huyo. Hakutegemea kwamba wale madiwani wawili wa mwaka jana wangekataa tena. Kura zikasimama mbili kwa mbili.

"Haya, Lorna," alisema kwa upole. "Mfanyie kijana wako."

Lorna alimtazama Renee, na roho ikamsuta vibaya sana. Akayashusha macho mezani.

"Hapana."

"Swali umelisikia vizuri?"

"Nimelisikia, Glenn."

Watu walipigwa na butwaa. Renee peke yake hakuwa akimwangalia Lorna. Alikuwa amesimama dirishani, simu sikioni, akichungulia maegesho ya magari. Lorna alichukua koti lake akatoka bila kuaga mtu.

Kwenye kona ukungu ulikuwa mzito. Alipunguza mwendo, akasimama kando ya msalaba kama afanyavyo kila jioni, akabonyeza kitufe cha kufungua mlango wa upande wa pili.

Mlango ukafunguka. Toby akaingia, akajikunyata kwenye joto la kiti chake.

"Wanakuja kuifukia, Mama?"

"Mwaka huu hawaji, mwanangu. Huhami."

Toby hakuufunga mlango. Aligeuka akatazama nje, kwenye ukungu.

"Basi fungua na wa nyuma," alisema. "Leo tuko wawili. Anasema mama yake anamsubiri ukumbini."