Viti Maalum

"Wanaosema hapana, mikono juu!" Nkirote aliamuru, mwiko wa ugali bado umo mkononi.

Mikono ikapanda sebule nzima. Kwamboka aliutazama wa kwake ukipanda pamoja na mingine. Akashangaa kidogo, kisha hata mshangao ukampotea. Tangu amzike mumewe majira ya baridi, mambo mengi yalimpita hivyo hivyo, kama redio ya jirani.

Basi ndivyo chama cha akina mama cha mtaa wa Flemingdon Park kilivyomaliza kura ya maoni ya nchi nzima kabla chai haijachemka. Swali lilikuwa fupi: je, wenyeji wa asili wa Kanada, waliokuwapo kabla ya wazungu, watengewe viti vyao Bungeni? Vituo vilikuwa wazi hadi jioni. Akina mama walikuwa wamekubaliana kwenda pamoja, maana wengi wao walikuwa wameapa uraia juzi juzi tu, na hakuna aliyetaka kuaibika peke yake.

"Viti maalum navijua mimi," alisema Nkirote, mwenyekiti wao, mzaliwa wa Meru. "Kwetu vilipewa nani? Shemeji wa mheshimiwa. Mpango wa kando wa mheshimiwa. Halafu unaambiwa ni representation. Hata hapa itakuwa same script."

"Na wanavyolia na shule za bweni, eti serikali iliwachukua watoto wao kwa nguvu!" akadakia Leokadia, Mtanzania, mhasibu wa ofisi moja ya mjini. "Jamani, nani hapa hakusoma bweni? Mimi masista walininyoa kipara, na nikisema Kihaya navishwa kibao shingoni. Nidai kiti kwa nani?"

Wakacheka hadi Nkirote akaweka mwiko chini.

"Kwamboka, wewe hukusoma bweni?"

"Nilisoma."

"Walikunyoa?"

"Siku ya kwanza. Na jina wakanibadilisha."

"Mnaona? Na ametulia zake, hadai kitu."

Kwamboka alikuwa anakoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Tulikwenda na kaka yangu," alisema. "Yeye hakurudi."

"Malaria?" aliuliza Leokadia.

"Walisema kifua."

"Pole, mama. Pole sana." Leokadia alimaanisha; alimshika goti na kulibonyeza. Kisha akaomba apitishiwe chapati.

Tangu asubuhi Kwamboka alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia: pigeni ndiyo. Halikutoka. Kila alipofungua mdomo aliwaona hao hao walioosha vyombo vyake wiki nzima ya msiba, wakachanga, wakatandika magodoro sakafuni kwake ili asilale peke yake. Watoto wake walikuwa mbali, jimbo la Alberta, na simu zao zilikuwa za Krismasi. Chama hiki ndicho kilichokuwa watu wake. Jina lenyewe la Kwamboka alipewa na mama mkwe huko Kisii, alikokaa miaka ya mwanzo ya ndoa na kujifunza Kiswahili cha sokoni na cha kanisani. Kuhusu kwao, chama kilijua tu kwamba ni kaskazini, mbali, unafika kwa ndege ndogo, na maji sharti uyachemshe. Hakuna aliyeuliza zaidi, na yeye hakuongeza.

Aliogopa kuwapoteza. Ganzi ilikuwa imemlia karibu kila kitu, lakini woga huo iliuacha mzima.

Wakavaa makoti, wakashuka. Upepo wa bondeni uliwafunga midomo hadi mlangoni mwa ukumbi wa shule palipokuwa na kituo. Mle ndani Nkirote akapata tena sauti yake.

"Wewe ndiye mkubwa wetu, tangulia," alimwambia Kwamboka, akimsogeza mbele ya foleni. "Na sitaki mtu anigeukie huko ndani. Kura ni siri, sawa, but Mungu ana macho."

Wakacheka tena, safari hii kwa chini, kwa heshima ya serikali.

Kwamboka alipiga hesabu rahisi. Angeweza kuweka alama yake kwenye ndiyo, atoke, acheke nao, na pasiwe na mtu wa kujua. Ingekuwa ndiyo moja. Halafu nyuma yake zingefuata hapana za chama kizima, na jioni angekula nao kwa amani. Wazo hilo halikumuuma wala kumpoza. Akasogea hatua mbele.

"Kitambulisho, tafadhali," alisema karani, mwanamke wa makamo aliyesuka nywele zake mkia mmoja mrefu.

Kwamboka alikuwa ameshika leseni ya udereva, kama wenzake walivyoshika zao. Akaitazama kitambo. Akairudisha kwenye pochi, akatoa kadi nyingine ambayo hakuna mwanachama aliyewahi kuiona, akaiweka mezani taratibu, upande ambao hata Nkirote angeweza kuisoma.

Karani aliisoma: mwenyeji wa asili, kabila la Wakri, James Bay, kaskazini. Akasimama wima.

"Dada, wewe ni wa kwetu!" alisema kwa sauti iliyojaza ukumbi. "Tangu asubuhi nimekaa hapa nikingoja hata mmoja wetu aje."

Kwamboka akageuka. Nkirote, Leokadia na wenzao walikuwa wamesimama, leseni mkononi, bado hawajapiga kura.