Achari ya Mke Mwenza

Bi Mgeni alikuwa uani, akipasua mabirimbi mabichi na kuyaanika juani kwenye ungo yapate kunywa chumvi, pale Salme, mke wa mwanawe, alipotokea na mimba yake imemtangulia.

"Mama, leo nataka achari."

"Hii bado, mwanangu. Mpaka yasinyae, ndipo nitie siki na pilipili."

"Nataka ile ya kabatini."

Kisu kikasimama. Ile ilikuwa chupa ya mwisho ya marehemu Bi Zaina, mke mwenzake. Walirushiana vijembe miaka na miaka, lakini siku ya kutia achari walikaa kigoda kwa kigoda, Zaina akimcheka: "Wewe ukitia mkono, hata siki hulala!" Na kweli, tangu Zaina afe, Bi Mgeni alijaribu kila msimu, ladha ile asiipate.

"Ile haiguswi, Salme. Ikiisha ndiyo imekwisha."

"Mimba haijui hayo, mama," Salme akasema, akimeza mate.

Bi Mgeni akacheka asipende. Akaileta chupa, akafungua mfuniko kwa pindo la kanga. Harufu ya kitunguu saumu ikajaa uani, Zaina akawa kama yupo pale pale, amekunja miguu.

Salme akala mpaka likabaki birimbi moja. Akalitazama, akamtazama mkwewe, akaling'ata nusu. Nusu ya pili, ikichuruzika mchuzi, akaipeleka mdomoni mwa Bi Mgeni.

Bi Mgeni akafumba macho, akafumbua kinywa.