Kamba ya Delmar

Kwa mara ya nne Delmar aliikunjua kamba yake kitandani, akaanza kuikunja upya. Mzunguko juu ya mzunguko, kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Kamba ya askari wa miavuli ni ya kumshusha akinasa juu ya mti. Ikijisokota tu, ananing'inia huko huko mpaka adui amkute.

Leo Delmar hakuwaza miti. Aliwaza dirisha.

Dereva aliyeleta mikate alisema vijana kule uwanja wa ndege wameanza kujipaka masizi usoni. Maana yake ilikuwa moja: wanaruka Ufaransa leo. Kabla ndege hazijawashwa, lazima awe ameshatoka humu.

"Tulia basi, unanitia kizunguzungu," alisema Leland, wa kitanda cha pili. "Mlinzi yuko getini. Akikushika, jela."

"Na anifunge."

"Binti gani huyo anayekutia wazimu?"

Delmar alitoa buti chini ya godoro, akazivaa.

"Na Sajenti Pruett akijua?" Leland aliuliza, sasa bila utani.

"Huyo ndiye ninayemwogopa."

Akaipitisha kamba nyuma ya mguu wa kitanda cha chuma, ncha zote mbili akazitupa nje ya dirisha.

"Umeikunja mara mbili? Haifiki chini, bwana! Funga ncha moja, ushuke, uiache."

"Siiachi."

"Kamba ya nini huko uendako?"

Delmar alikuwa ameshavuka dirisha. Alishuka ukutani, mikono ikiungua, hadi kamba ikamwishia kabla hajafika chini. Akaachia ncha moja, nyingine akaing'ang'ania. Akaanguka, na kamba ikamfuata yote. Kitu kilichanika pajani. Akauma meno asipige kelele.

Mlinzi alikuwa akitazama barabara. Delmar alipenya uani, akichechemea, huku akiikunja kamba: kiganjani, kiwikoni, kiganjani, kiwikoni. Nyuma yake filimbi ikalia. Hakugeuka.

Jua lilikuwa linazama Sajenti Pruett alipowapanga watu wake chini ya bawa la ndege. Alipita akigonga kila kiuno: kisu, maji, kamba. Nyuso zote zilikuwa nyeusi kwa masizi.

Kwa mtu wa mwisho alisimama. Koti lilikuwa la kuazima. Kamba ilikaa kiunoni, imekunjwa vizuri kuliko zote. Lakini chini ya koti ilionekana suruali ya mistari, ile wanayovishwa wagonjwa, na pajani ilikuwa imelowa damu mbichi.

"Daktari alisema ulale wiki tatu, Delmar."

"Kamba ninayo, afande," Delmar alisema. "Usinirudishe."